Guangzhou Peke Yako: Utakula Nini, Utalala Wapi, Utalipaje

Swali ninaloulizwa kuliko yote siku hizi si la bei ya mzigo wala gharama ya kontena. Ni hili: "Naenda Guangzhou peke yangu, Kichina sijui hata neno moja, nitaishije huko?" Anayeuliza leo ni mwenye duka la vifaa vya simu Kariakoo, kesho ni dada anayeuza nguo Gikomba, keshokutwa ni kijana aliyejichangisha mpaka akakata tiketi. Mambo ya biashara wamekwisha kuyauliza kwa wenzao. Yamebaki yale madogo ambayo wenzao waliona haya kuyasema au waliyasahau: choo kikoje, asubuhi unakunywa nini, ukipotea unamuuliza nani, jioni ukishafunga mlango wa chumba unafanya nini.

Nayajibu hapa kwa pamoja. Msimamo wangu nautoa mapema: Kichina si tatizo kubwa, tatizo kubwa ni simu. Anayeshuka uwanja wa ndege wa Baiyun na simu iliyoandaliwa ataishi vizuri hata kama hatafungua mdomo. Anayeshuka na simu isiyoandaliwa atahangaika hata kama mfuko umejaa dola.

Simu iandae ukiwa nyumbani

Usiseme utafanya ukifika. Kwa laini ya China, Google haifunguki, WhatsApp haifunguki, wala Facebook, Instagram na YouTube. Duka la programu la Google nalo limefungwa, kwa hiyo hata ile programu uliyosahau hutaweza kuipakua kirahisi. Kabla hujafunga begi, hakikisha haya yako tayari:

- Alipay. Jisajili kwa namba yako ya nyumbani, thibitisha kwa pasipoti, kisha unganisha kadi ya Visa au Mastercard. Ndiyo pochi yako huko.
- WeChat. Ndiyo WhatsApp yao, na malipo yamo humo humo. Wakati wa kujisajili inaweza kukutaka mtu mwenye akaunti ya zamani akuthibitishe kwa kuskani msimbo wako. Mtafute mtu huyo wiki mbili kabla ya safari, asije kuwa amelala saa unayomhitaji.
- Ramani. Pakua Amap, ambayo Wachina huiita Gaode. Ramani za Google hata zikifunguka, huko si za kuaminika.
- Tafsiri. Pakua kifurushi cha Kichina kinachofanya kazi bila intaneti, kisha kijaribu ukiwa umezima data.
- Picha. Weka kwenye simu picha ya pasipoti, ya viza, na ya jina na anwani ya hoteli kwa herufi za Kichina. Anwani kwa herufi zetu haimsaidii dereva wa teksi.

Halafu nenda benki. Waambie unasafiri China na kadi yako iruhusiwe kufanya malipo ya nje. Wengi hukwama hapa: kadi imeunganishwa vizuri, pesa ipo, lakini benki inazuia muamala wa kwanza kwa kudhani kadi imeibwa. Usizime wala kuitoa laini yako ya nyumbani, kwa kuwa namba za siri za benki huja kwa ujumbe mfupi kwenye laini hiyo. Simu ya laini mbili ni ya lazima kwa safari hii.

Na nyumbani utawasiliana nao vipi? Njia rahisi ni rominga ya laini yako au eSIM ya wasafiri uliyoinunua kabla ya kuondoka. Laini ya nje ikitumia mtandao wa China kwa rominga, data hupitia kwa kampuni iliyoitoa, na WhatsApp hufunguka kama kawaida. Rominga ni ghali, basi itumie kwa ujumbe na sauti, si video. Ukikaa muda mrefu nunua pia laini ya hapo. Nenda na pasipoti kwenye duka lenyewe la China Mobile au China Unicom, usinunue kwa mtu wa barabarani.

"Mimi nabeba taslimu, sitaki mambo ya programu"

Beba, hakuna anayekukataza. Sheria ya China inawataka wauzaji wapokee noti. Lakini kukubali ni jambo moja na kuwa na chenji ni jingine. Mama anayeuza mahindi ya kuchemsha nje ya stesheni ana karatasi yenye msimbo wa QR imening'inia shingoni, droo ya hela hana. Ukimpa noti ya yuan 100 kwa kitu cha yuan 5, mtatazamana.

- Ukiingia na zaidi ya dola 5,000 za Marekani, zitangaze forodhani. Ukikaa kimya ukakutwa nazo, kujieleza ni kazi.
- Badilisha benki, ukiwa na pasipoti. Foleni ni ndefu, namba zinaitwa kwa Kichina, kaa karibu na kioo kinachoonyesha namba.
- Mtu anayekunong'oneza kando ya barabara kwamba ana bei nzuri ya dola, mpite. Noti bandia za yuan 100 zipo, na wewe ndiye wanayemtafuta.
- Tembea na noti za yuan 10 na 20. Noti yao kubwa kuliko zote ni hiyo ya 100, kwa hiyo bunda la kununulia mzigo ni nene. Lisitoke hotelini bila sababu.

Kwa kadi ya nje, Alipay haikati ada kwenye malipo yasiyozidi yuan 200. Yakizidi, hukata asilimia 3. Chakula, treni na maji lipia kwa simu. Mzigo tafuta njia nyingine.

Saa 24 za kwanza

Sheria inamtaka kila mgeni aandikishwe polisi ndani ya saa 24 tangu afike anapolala. Hoteli hukufanyia hilo yenyewe inapochukua pasipoti yako na kukupiga picha pale mapokezi. Tatizo huwapata wanaofikia kwa rafiki. Rafiki anasema "usijali, kaa tu", siku tano zinapita, polisi wanagonga kukagua, na wewe huna karatasi. Ukifikia nyumba ya mtu, siku ya kwanza nendeni wote wawili kituo cha polisi cha mtaa, mkiwa na pasipoti yako na mkataba wake wa pango. Akikataa kwenda, hamia hotelini usiku huohuo. Inawezekana yeye mwenyewe ana jambo la kuficha.

Pasipoti tembea nayo, si kopi. Mgeni mwenye umri wa kuanzia miaka 16 anatakiwa awe nayo muda wote. Na siku za viza zihesabu vizuri: kuzidisha muda kunaweza kukutoza yuan 500 kwa kila siku, hadi jumla ya 10,000, au kukuweka mahabusu.

Kosa jingine la siku ya kwanza ni kuchagua hoteli kwa bei peke yake. Chagua iliyo jirani na stesheni ya treni ya chini ya ardhi, hata kama ni ghali kidogo. Hoteli nyingine ndogo hazijazoea wageni wa nje na zinaweza kukurudisha saa tano usiku, mabegi yakiwa mlangoni. Waandikie kabla na uwaulize kama wanapokea pasipoti ya nchi yako, jibu lao ulihifadhi.

Na ghorofa zao zinahesabiwa kuanzia chini. Ukiambiwa duka liko ghorofa ya 3, ni kupanda mara mbili tu. Wengi hupitiliza, wakafika juu na kumkosa mtu wao.

Kuelewana bila lugha

Programu ya kutafsiri ni kama mkalimani aliyelewa: ukimpa sentensi fupi anajitahidi, ukimpa ndefu anatunga yake. Andika kitu kimoja kwa sentensi moja. "Nataka rangi nyeusi." "Nataka vipande 200." "Lini tayari?" Ukianza na "kwa kweli kaka nilikuwa naomba kama ingewezekana", usishangae kujibiwa bei ya viatu. Kama Kiingereza unakijua, tafsiri kutoka Kiingereza hutoka safi zaidi.

Kuwa macho na saa. Ukiandika "saa nne asubuhi", programu inaweza kumpelekea Mchina saa 4:00 alfajiri, naye atacheka au hatakuja kabisa. Andika tarakimu: 10:00. Hivyohivyo kwa tarehe.

Kwa bei hamna shida, kikokotoo kiko mezani. Muuzaji anaandika 45, anakugeuzia. Unafuta, unaandika 28, unamgeuzia. Anashika kichwa, anaandika 40. Mchezo huo hauhitaji neno hata moja. Ila zijue namba za vidole, maana wao huhesabu hadi kumi kwa mkono mmoja: kidole gumba na cha mwisho vikinyooshwa ni 6; gumba na cha shahada ni 8. Hiyo 8 ndiyo inayowaponza wageni, wanaiona ni 2 na kudhani wameokota bei.

Maneno ya kutosha kwa wiki ya kwanza ni haya, nimeyaandika yanavyosikika:

- *Ni hao*: hujambo
- *Sye sye*: asante
- *Duo shao chien*: bei gani
- *Tai gwei la*: ghali mno
- *Bu yao*: sitaki
- *Ting bu dong*: sielewi

Wenyeji wenyewe kwa wenyewe utawasikia wakisema Kikantoni, ambacho ni kitu kingine kabisa. Usihangaike nacho, Kichina cha kawaida wanakielewa karibu wote.

Kula

Hapa ndipo wengi wanapokonda, na bila sababu. Guangzhou ni mji wa walaji. Chakula chake hakina pilipili nyingi, kina samaki, mboga mbichi za kijani zilizopitishwa kwenye moto dakika moja, na wali kila upande. Kinachomshinda mgeni ni kutojua aanzie wapi.

Anza na maduka ya tambi ya Lanzhou. Yako karibu kila mtaa, mengi yanaendeshwa na Waislamu wa kaskazini-magharibi mwa China, na utayajua kwa kibao cha kijani au chenye neno "halali" kwa Kiarabu. Ukutani kuna picha za vyakula na bei. Unaonyesha kwa kidole. Mpishi anachukua donge la unga, analivuta mikono miwili, analikunja, analivuta tena, analipigiza mezani, na kabla hujamaliza kukaa donge limekuwa nyuzi nyembamba, liko kwenye sufuria. Bakuli linakuja na mchuzi wa ng'ombe, vipande vyembamba vya nyama, kotimiri, na kopo la pilipili ya mafuta pembeni. Mara nyingi ni chini ya yuan 20. Kwa Muislamu hapo ndipo mahali salama zaidi, na kwa asiye Muislamu ni chakula cha kumweka mtu mpaka jioni.

Asubuhi tafuta *changfen*: unga laini wa mchele uliokorogwa kwa maji unatandazwa kwenye sinia, unavunjiwa yai, unaingizwa kwenye mvuke, kisha unakunjwa na kumwagiwa mchuzi wa soya. Uji wa mchele nao upo, lakini ni wa chumvi, na mara nyingi una nyama ndani. Chai haina maziwa wala sukari. Asiyeweza kuanza siku bila chai ya maziwa abebe majani na sukari yake. Birika la umeme liko chumbani na maziwa yako dukani.

Sasa maonyo:

- Nguruwe yuko kwenye vyakula vingi. Hata sahani ya mboga tupu inaweza kuwa imekaangwa kwa mafuta yake au kunyunyiziwa nyama ya kusaga. Mandazi ya mvuke, *baozi*, mengi yana nguruwe ndani. Mwombe mtu wa mapokezi hotelini akuandikie kwa Kichina, "Sili nguruwe, wala mafuta yake", piga picha, uionyeshe kila mahali kabla ya kuagiza.
- Mzio uandike vivyo hivyo. Karanga na kamba wanaingia kwenye vyakula usivyotegemea.
- Maji ya bomba usinywe. Wao wenyewe wanayachemsha. Ukiagiza maji mgahawani utaletewa ya moto, hata kama jua linachoma. Hawakukomoi, ndivyo wanavyokunywa.
- Chai ya kwanza usiinywe. Kwenye mikahawa ya Kikantoni wanakuletea birika na bakuli kubwa. Ile ya kwanza ni ya kusuuzia vikombe, bakuli na vijiti. Inamwagwa kwenye bakuli kubwa. Ukimiminiwa chai na mwenzako, gonga meza mara mbili kwa vidole: ndiyo asante yao.
- Vijiti usivichomeke wima kwenye wali. Ni ishara ya msiba. Vikikushinda omba kijiko, hakuna atakayekucheka zaidi ya dakika moja.

Ugali je? Upo. Mtaa wa Xiaobei una migahawa ya Waafrika, utapata ugali au fufu, samaki wa kukaanga na nyama ya mbuzi. Bei ni ya juu kuliko tambi, na ni halali yao kwa kuwa vitu wanavitoa mbali. Ushauri wangu: ugali uwe wa siku ya huzuni. Ukila hapo kila siku utamaliza bajeti, na mji hutakuwa umeuona. Usibebe nyama iliyokaushwa, matunda wala maziwa kutoka nyumbani, forodha inavichukua.

Choo, na hali ya hewa

Vyoo vya umma vimejaa kila kona na ni bure. Vingi ni vya kuchuchumaa, kwa hiyo sisi hatuna ugeni navyo. Shida ni kwamba karatasi mara nyingi hakuna, na maji ya kujisafishia hakuna kabisa. Tembea na tishu na chupa ndogo ya maji kwenye begi. Nimemaliza hilo.

Hali ya hewa inategemea mwezi. Machi na Aprili unyevu ni mwingi mpaka kuta na sakafu zinatoka jasho, na nguo ulizofua jana leo bado mbichi. Kuanzia Juni ni joto kali, mvua na vimbunga. Serikali ikitangaza tahadhari ya kimbunga, baki hotelini, miadi itasubiri. Desemba na Januari wanaotoka Dar na Mombasa huumbuka. Nyuzi 10 hazisikiki kubwa ukisoma, lakini nyumba za huko hazina mfumo wa kupasha joto, baridi unalala nayo. Beba sweta zito.

Barabarani

Magari hupita kulia. Mtu aliyekulia Tanzania, Kenya au Uganda, shingo yake imezoea kuangalia kulia kwanza. Huko gari linatoka kushoto. Hata taa ikiwa yako, gari linalokata kona kulia linaweza kuendelea kuja. La hatari zaidi ni pikipiki za umeme. Hazina mlio, zinapanda hadi njia ya waenda kwa miguu, na hupita hata upande usio wake. Usitembee ukiangalia simu.

Treni za chini ya ardhi ndizo usafiri wako. Nauli inaanzia yuan 2, matangazo yapo kwa Kiingereza pia, na begi linapita kwenye mashine ya ukaguzi kila unapoingia. Lipa kwa msimbo wa usafiri ulio ndani ya Alipay, au nunua sarafu ya plastiki kwenye mashine. Unaigusisha kuingia, unaitumbukiza kutokea, kwa hiyo usiipoteze njiani. Treni za mwisho ni kama saa tano usiku.

Makosa matatu hurudiwa sana:

1. Kupanga kukutana "stesheni ya Xiaobei" bila kutaja mlango. Kila stesheni ina milango yenye herufi, A, B, C na kuendelea, na kutoka mmoja hadi mwingine inaweza kuwa kuvuka barabara kuu mbili. Taja herufi.
2. Kupanda gari la Didi, programu yao ya kuita teksi, bila kulinganisha namba. Dereva akikupigia na Kichina chake, kata, mwandikie ndani ya programu. Inatafsiri yenyewe.
3. Kukubali mtu anayekudaka mlangoni uwanja wa ndege akisema "teksi, teksi". Foleni rasmi iko nje, ina vibao.

"Si kuna ndugu zetu huko? Watanipokea"

Wapo. Xiaobei na Sanyuanli utasikia Kiswahili cha Dar, cha Nairobi, cha Lubumbashi na cha Bujumbura kabla hujavuka barabara. Wengi ni watu wema na wamenisaidia. Lakini anayekusalimia kwa Kiswahili asubuhi yako ya kwanza na kujitolea kukuzungusha masoko bila malipo, mara nyingi malipo yake yamo kwenye bei utakayopewa dukani. Si dhambi, ni kazi yake. Iweke wazi tu: "Kaka, siku nzima unanitoza ngapi?" Mkipatana, mlipe, na bei za dukani uzijadili mwenyewe kwa kikokotoo. Akisema "tutaelewana tu", hamtaelewana.

Hela ya mzigo usimpe mtu uliyemjua juzi, hata kama mmetoka wilaya moja. Na begi la mtu usilibebe, si la kwenda wala la kurudi, hata kama ndani ni nguo za mtoto ulizoziona kwa macho. Dawa za kulevya China zinaweza kumfikisha mtu kwenye hukumu ya kifo, na Waafrika Mashariki waliofungwa huko kwa kesi hizo wapo. Miraa nayo imo kwenye orodha ya vilivyopigwa marufuku. Anayekuambia "ni majani tu" hatakuwepo mahakamani.

Watakutazama

Tena sana, hasa ukitoka nje ya maeneo yaliyozoea wageni. Mtoto atakunyooshea kidole, bibi kwenye treni anaweza kugusa nywele zako, kijana atakupiga picha akijifanya anasoma ujumbe. Utasikia *heiren*, maana yake mtu mweusi. Kwa kawaida ni kukutaja tu, si tusi. Mara nyingi kupunga mkono na kusema *ni hao* kunamaliza. Ukichoka, geuza uso, una haki hiyo.

Nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa, ubaguzi upo. Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi wa Guangzhou walifukuzwa majumbani na hotelini mwao, mpaka mabalozi wa Afrika wakaandika barua ya kulalamika. Wengi waliondoka na hawakurudi. Leo mgeni wa wiki mbili anaweza kumaliza safari bila kukutana na lolote zaidi ya macho ya watu. Ukikataliwa huduma, usibishane kwa sauti ya juu. Toka, nenda jirani. Ikiwa ni jambo la kisheria, polisi ni 110, gari la wagonjwa 120, zimamoto 119. Hospitalini unalipa kwanza ndipo unaonwa, kwa hiyo kadi uliyoiunganisha na Alipay iwe na kitu. Dawa zako za kila siku beba za safari nzima, kwenye maboksi yake, na cheti cha daktari.

Kwa dada anayesafiri peke yake

Mnaniuliza kama usiku ni salama. Kwa wizi wa kunyang'anywa, mitaa ya Guangzhou ni tulivu kuliko miji yetu mingi. Utaona wanawake wakitembea peke yao saa nne usiku wakila aiskrimu. Tahadhari ni za aina nyingine. Mwaliko wa "njoo tunywe chai" kutoka kwa msichana mchangamfu usiyemjua unaweza kuishia na bili ya maajabu. Miadi na mwenye kiwanda ifanyike mchana. Namba ya chumba usiitaje mapokezi kwa sauti mbele za watu.

Beba mafuta yako ya ngozi: mengi ya madukani huko ni ya kung'arisha, na utashinda ukisoma vichupa usivyovielewa. Viatu vya kike vya namba kubwa ni shida kupata. Wasusi wapo Xiaobei, bei muulizane kabla hujakaa kwenye kiti.

Jioni

Masoko ya jumla hufungwa mapema, na saa kumi na mbili jioni uko huru, peke yako, miguu inauma. Hapa ndipo upweke unapoingia, na si aibu kuusema. China iko mbele yetu kwa saa tano: ukipiga simu saa nne usiku kwako, nyumbani ni saa kumi na moja jioni, watu wamo kwenye daladala wanarudi. Iweke saa hiyo iwe ya simu kila siku, na kabla yake usikae chumbani.

Nenda kwenye uwanja wowote wa wazi karibu na hoteli. Utakuta akina mama wa makamo wamejipanga safu, spika chini, wanacheza wote hatua moja. Simama nyuma, fuata miguu yao. Hakuna atakayekufukuza. Au panda kivuko cha abiria cha Mto Lulu kwa nauli ndogo badala ya ile meli ya watalii. Taa za mji ni zilezile. Ijumaa Muislamu aende msikiti wa Xianxian, jirani na bustani ya Yuexiu, ambako kwa masimulizi ya Waislamu wa China ndiko alikozikwa Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume. Baada ya sala nje huuzwa nyama choma na mikate, na salamu utazisikia kwa lugha zote. Mkatoliki ana kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, jengo la mawe lililokamilika 1888, ambako Waafrika wamekuwa wakisali kwa miaka mingi.

Tarehe za kuangalia kabla ya kukata tiketi

- Mwaka mpya wa Kichina, Januari au Februari. Viwanda hufungwa wiki kadhaa. Usiende.
- Tarehe 1 hadi 7 Oktoba. Sikukuu ya taifa. Treni zimejaa, ofisi zimefungwa.
- Maonyesho ya biashara ya Canton, yaliyoanza 1957, hufanyika kwa awamu tatu kuanzia 15 Aprili, na tena kuanzia 15 Oktoba. Vifaa vya umeme na mashine ni awamu ya kwanza, vitu vya nyumbani ya pili, nguo ya tatu. Bei za hoteli hupanda sana, weka nafasi miezi miwili kabla.

Siku ya kuondoka

Angalia tiketi inasema jengo gani la abiria, maana Baiyun ina zaidi ya moja. Fika saa nne kabla ya ndege kuondoka: foleni za ndege za Afrika ni ndefu, kila mtu ana maboksi, na nusu yao wanahamisha vitu kutoka begi hadi begi mbele ya mizani. Pima mzigo hotelini. Yuan zilizobaki zibadilishe hukohuko, nyumbani bei yake ni mbaya. Pawabenki ikae mkononi, isiingie kwenye begi la chini. Na kama utaunganisha ndege ya ndani ya China, pawabenki iwe na alama ya 3C, ile ya usalama wa bidhaa ya China, bila hiyo inachukuliwa tangu Juni 2025. Kiberiti cha gesi kiache chumbani. Hakipandi ndege ya kutoka China, si mkononi wala kwenye begi.